Ukilinganisha Limita, Sawazisha Sauti Kwanza



Sauti yangu inayokufikia hapo ulipo, kabla ya kupanda kwenye antena, imepita kwenye limita. Hakuna mtangazaji anayeikwepa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba nikicheka kwa nguvu au nikikohoa karibu na maikrofoni, wimbi la FM halitatanuka zaidi ya kilohezi 75 kila upande na kuingia kwenye eneo la kituo jirani. Kwa redio hilo ni sharti, si suala la ladha. Mwaka 1975 Mmarekani Robert Orban alitoa chombo chake cha Optimod 8000, na tangu hapo vituo vya FM, vikubwa kwa vidogo, vimekuwa vikifunga chombo cha ukoo huo mahali pa mwisho, karibu na mtambo wa kurushia.

Leo lakini nazungumzia ndugu zake wadogo, limita za kompyuta, zile plagini ambazo prodyuza anaziweka mwisho kabisa kwenye masta kabla ya kutoa wimbo. Ziko nyingi mno. Nyingine zinauzwa ghali, nyingine ni za bure, na kila moja ina mashabiki wanaoapa kwamba hakuna nyingine inayofaa. Vijana wanaotengeneza muziki vyumbani kwao huniuliza: kaka, limita ipi ni kali? Nalipenda swali hilo, kwa sababu anayeliuliza ni mtu anayeipenda kazi yake. Ila namna tunavyolitafutia jibu ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo inakula fedha za vijana na kuharibu nyimbo nzuri katika hatua ya mwisho, wakati kila kitu kingine kimeshakaa sawa.

Tuanze na kinachotokea ndani. Sauti ikishaingia kwenye kompyuta huwa ni namba. Katika CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, kila sekunde ya sauti hugawanywa sampuli 44,100, na kila sampuli hupewa namba ambayo upande wa juu haizidi 32,767. Hakuna inayofuata. Wimbi likitaka kupanda zaidi ya hapo hukatwa kichwa likawa bapa, na sikio husikia mkwaruzo. Limita huweka dari chini kidogo ya mpaka huo, kisha huhakikisha hakuna kilele kinachoivuka.

Vyombo vya zamani, vile vya taa na transista, vilingoja sauti kubwa ifike ndipo vishtuke, na mara nyingi ncha ya mlio wa ngoma ilikuwa imeshapita. Kompyuta ina uwezo ambao vyombo hivyo havikuwa nao: inaichelewesha sauti kwa muda mdogo sana, tuseme milisekunde mbili, na katika muda huo inasoma sampuli karibu 90 zinazokuja. Ni sawa na fundi aliyeweka mkono kwenye kitufe cha sauti huku akijua tayari mpigangoma atapiga wapi. Anaanza kushusha kabla ya pigo, pigo linapita chini ya dari, halafu anapandisha tena. Kampuni ya Waves ya Tel Aviv ilipotoa L1 mwaka 1994, uwezo huo ndio uliowashangaza watu wa studio, na hadi leo plagini nyingi za aina hii zinafuata mpango uleule.

Angalia sasa jinsi L1 inavyotumika, maana hapo ndipo mtego ulipo. Ina vitelezi viwili vikubwa. Kimoja ni kizingiti, kingine ni dari. Ukishusha kizingiti kwa desibeli 3, plagini haiishii kubana vilele tu. Inaupandisha wimbo mzima kwa desibeli 3 hizohizo mpaka uguse dari. Kwa hiyo unaposhusha kitelezi unasikia mambo mawili kwa pamoja, kubanwa kwa vilele na kupanda kwa sauti. La pili linalifunika la kwanza kabisa.

Linalifunika kwa sababu ya jinsi sikio lilivyoumbwa. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha michoro inayoonyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba kukosa usawa huko hubadilika kadiri sauti inavyopungua au kuongezeka. Sauti ikiwa ndogo, besi hupotea kwanza. Ukiongeza kidogo, besi inarudi na muziki unajaa. Ongezeko la desibeli moja, ambalo wengi hawatalitambua kama ongezeko, litaufanya wimbo uonekane mnene zaidi, wazi zaidi, wenye uhai zaidi. Mtu atasema hii limita ina joto. Kumbe hiyo limita imepandisha sauti tu.

Ndiyo maana majaribio mengi tunayoyafanya hayana thamani. Prodyuza anafungua plagini mpya, inakuja na mipangilio ya kiwandani inayoongeza sauti, anaiwasha, anaizima, anaiwasha tena, na kila akiiwasha anafurahi. Anaitangazia mitaa yote. Mwenzake anaitafuta usiku na mchana, na asipokuwa na fedha anachukua ile iliyovunjwa, iliyojaa virusi, inayomwangushia kompyuta akiwa na kazi ya mteja.

Njia ya haki ipo na haina gharama. Chukua wimbo uliokwisha kumiksiwa, usiokuwa na limita yoyote. Utoe mara kadhaa, kila mara kupitia limita tofauti, zote zikibana kwa kiasi kilekile. Kisha pima kila nakala kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kilichojengwa juu ya kanuni ya BS.1770 ambayo shirika la mawasiliano la ITU liliitoa mwaka 2006. Youlean wana mita ya LUFS unayoweza kuipata bure. Ile nakala iliyo juu ishushe mpaka zote zilingane, na usiridhike na kukaribiana, zilinganishe mpaka sehemu ya kumi ya desibeli. Halafu mwombe mtu mwingine akuchezee bila kukuambia ipi ni ipi, wewe ukiwa umegeuka usione skrini.

Ukifanya hivyo, jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba tofauti nyingi ulizokuwa ukizisikia hazipo. Limita ikibana desibeli moja au mbili tu, iwe ya bei kubwa au ya bure, sikio zuri hupata taabu kuzitenganisha. Jambo la pili linafuata ukianza kubana zaidi, desibeli 4, 5, 6. Hapo kila moja inaanza kuonyesha tabia yake, na tabia hiyo huonekana chini kabisa ya muziki, kwenye besi.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ukielewa jambo hili umeelewa sehemu kubwa ya tofauti za limita zote duniani.

Noti ya besi yenye hezi 50 inahitaji milisekunde 20 kukamilisha mzunguko mmoja. Katika mzunguko huo wimbi linafikia kilele mara mbili, mara moja juu na mara moja chini, yaani kila baada ya milisekunde 10. Sasa limita ikishabana lazima iachie. Ukiiambia iachie haraka, tuseme ndani ya milisekunde 3, itabana kwenye kilele cha juu, itaachia, itabana kwenye kilele cha chini, itaachia tena. Badala ya kudhibiti sauti, imeanza kulichonga wimbi lenyewe. Noti yako ya hezi 50 inazaa sauti nyingine za hezi 150 na 250 ambazo mpigaji hakuzipiga. Hicho ndicho kinachosikika kama besi iliyochanika.

Ukiiambia basi iachie polepole, tuseme baada ya nusu sekunde, besi itatulia na kuwa safi. Lakini kila kiki, yaani ngoma ya besi, ikipiga, wimbo mzima utazama na kuchukua nusu sekunde kuinuka: sauti ya mwimbaji, gitaa, kinanda, vyote. Muziki unakuwa kama unahema.

Hakuna muda mmoja wa kuachia unaofaa kila kitu. Kazi kubwa ya watengenezaji wa limita kwa miaka hii yote imekuwa kutafuta njia ya kubadilisha muda huo papo kwa papo, uwe mfupi kwa pigo la ghafla na mrefu kwa noti inayokaa. Waves waliweka mfumo wa namna hiyo kwenye L2. iZotope wa Marekani wakaja na kile wanachokiita IRC katika programu yao ya Ozone, na toleo baada ya toleo wamekuwa wakikiboresha. FabFilter wa Amsterdam, katika Pro-L 2 waliyoitoa mwaka 2017, waliweka mitindo minane tofauti ya kubana na kuachia. Unapolipa fedha nyingi kwa limita, hicho ndicho hasa unachokilipia, akili ya kuachia. Rangi za skrini ni nyongeza.

Na tuna sababu ya pekee ya kulijali hili huku kwetu. Watu wengi wanasikiliza muziki kwa spika ya simu. Spika hiyo haiwezi kutoa hezi 50 hata kidogo. Lakini limita iliyokuwa studio iliisikia ile besi, ikaibana, na ilipoibana ilishusha pamoja nayo sauti ya mwimbaji. Matokeo ni kwamba aliyeshika simu anasikia mwimbaji akizama na kuibuka, akizama na kuibuka, bila kusikia kinachomzamisha. Hajui limita ni nini. Anachojua ni kwamba wimbo unamchosha. Kwa hiyo mtu anayelinganisha limita kwa spika kubwa za studio peke yake amefanya nusu ya kazi. Zile nakala ulizosawazisha zisikilize kwenye simu pia, sauti ikiwa chini kidogo, na umfuate mwimbaji tu.

Tuchukue mifano miwili ya muziki wetu iliyo mbali kabisa. Singeli hukimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Yakiwa 240, kiki inarudi kila baada ya robo sekunde. Limita ya kuachia nusu sekunde haitapata hata nafasi moja ya kupumua kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Itabana ikae hapohapo, na zile kiki zitakosa ncha. Singeli isiyo na ncha haichezeki. Huko unahitaji limita inayoachia haraka bila kuichana besi, au, kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora, ukate vilele vya kiki kwa plagini ya kukata kabla ya kufika kwenye limita. Kukata, tofauti na kubana, hakushushi chochote kingine. Kunaondoa ile ncha ya milisekunde moja na kuendelea. Katika pigo fupi na kali mkwaruzo wake hausikiki, na kwa singeli hata ukisikika kidogo unakaa vizuri na muziki wenyewe.

Taarabu asilia ni kinyume chake. Ganuni ikidonolewa hutoa mlio mkali na mfupi sana, halafu fidla zinabaki zikivuta na sauti ya mwimbaji ikiwa juu yake. Limita nzito itaushtukia ule mlio wa ganuni na kuwashusha fidla na mwimbaji kila kidole kinapogusa uzi. Wazee waliozoea kusikia kikundi kikipiga ukumbini watalisikia kosa hilo mara moja, hata wasipokuwa na jina la kuliita. Kwa taarabu mimi sibani zaidi ya desibeli 2, na ninachagua limita inayokataa kukwaruza kuliko inayotafuta nguvu. Pro-L 2 ina mtindo mmoja uliotengenezwa kwa kazi hiyo, wa kukwepa mkwaruzo kwa gharama yoyote, na kwa muziki wa ala za asili sijasikia wa kuushinda.

Kwa kuwa nimeitaja, niseme ninavyoiona. Pro-L 2 ni chombo cha kujifunzia kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Inachora mbele yako wimbi linavyokuja na kiasi kinachobanwa, sekunde kwa sekunde, kwa hiyo jicho linalifundisha sikio. Ina kitufe cha kurudisha sauti kwenye kimo chake cha mwanzo, ili usidanganywe na ule mtego niliousema, na kingine cha kukusikilizisha kile tu kilichoondolewa. Bonyeza hicho cha pili. Ukisikia midundo mifupi mikavu, uko salama. Ukianza kusikia maneno ya mwimbaji katika kile kinachotupwa, umebana kupita kiasi.

Limita ya Ozone ina tabia nyingine. Mitindo yake ya juu haiishii kuangalia ukubwa wa sauti yote kwa pamoja. Inachunguza ni eneo gani la sauti linalosababisha kilele, besi au kati au juu, na kulishughulikia hilo zaidi. Inaweza kufika mbali sana bila kuchana. Gharama zake ni mbili. Inakula nguvu ya kompyuta, na kwenye kompyuta ya zamani wimbo utakatikakatika. Ya pili ni kwamba, ikisukumwa, hubadilisha uwiano ulioutengeneza kwa mikono yako wakati wa kumiksi, na inafanya hivyo kwa ulaini kiasi kwamba hutatambua mpaka uweke nakala ya kabla na ya baada kwa kimo kimoja.

L1 na L2 bado zinatumika, na watu wengi walikuza sikio lao humo. Zina sauti inayojulikana, ngumu kidogo, yenye makali. Kwa wimbo wa rap unaotaka ukali huo, sioni sababu ya kuzidharau eti kwa sababu ni za zamani.

Halafu kuna za bure, na hapa naomba mdogo wangu usiyekuwa na fedha unisikilize vizuri. LoudMax ya Thomas Mundt ni ya bure kabisa, ina vitelezi vichache tu, haielemei kompyuta, na ukibana hadi desibeli 3 inasimama mbele ya zile za fedha bila aibu. Limiter No6 ya Mrusi Vladislav Goncharov nayo ni ya bure, na ndani yake kuna vyombo vitano vilivyopangwa mfululizo: kompresa, limita ya vilele, limita ya sauti za juu, kikataji, na kinga ya mwisho. Ina sura ya kutisha kwa mara ya kwanza. Lakini mpangilio wake unafundisha jambo la msingi, kwamba desibeli 6 zikigawanywa kwa vyombo vitatu, kila kimoja kikibana 2, hazisikiki kama desibeli 6 zilizobebeshwa chombo kimoja. Kwa singeli na kwa Bongo Fleva ya kuchezeka, ningemwambia kijana aanze na hiyo.

Na Fruity Limiter, inayokuja ndani ya FL Studio ya Image-Line wa Ubelgiji? Maprodyuza wengi wa huku walianza na programu hiyo, na limita hiyo wanayo tayari. Inafaa. Tatizo lake ni mazoea yetu. Wengi wanaiacha kwenye masta tangu siku ya kwanza ya kutengeneza biti, kwa hiyo wanatunga, wanarekodi na kumiksi wimbo mzima huku limita ikibana kila wanachokifanya. Wakiongeza kiki, limita inaishusha. Wanaongeza tena, inashusha tena, na kila kitu kingine kinashuka nayo. Mwisho wanajiuliza kwa nini mwimbaji hasikiki. Iondoe wakati unamiksi. Kama sauti ni ndogo, ongeza sauti ya spika.

Ukiwa unarekodi mwimbaji, izime kwa sababu nyingine pia. Kile kitendo cha kusoma sampuli zinazokuja kinachelewesha sauti, na mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni akiwa amechelewa hata kidogo huanza kuimba nyuma ya biti. Watu wamewalaumu waimbaji wazuri kwa kosa la plagini.

Sasa tuje kwenye dari. Utaikuta mahali pengi ikiwekwa kwenye sifuri, au sifuri kasoro sehemu moja ya kumi. Mita inaonyesha kila kitu kiko chini ya sifuri, prodyuza anaridhika. Lakini sampuli ni vituo tu njiani. Wimbi halisi, linaporudishwa kuwa sauti, linapita katikati ya vituo hivyo na linaweza kupanda juu kuliko vyote viwili. Katika mlio wa hezi 11,025, sampuli zikiangukia mahali pabaya, kilele halisi huwa desibeli 3 juu ya namba kubwa kuliko zote kwenye faili. Simu ya bei ndogo ikikutana na hilo, inakwaruza. Na faili ikibanwa kuwa MP3 au AAC, vilele husogea tena, kwa kawaida kwenda juu. Limita nyingi za sasa zina kitufe cha kudhibiti kilele halisi. Kiwashe, na weka dari kwenye desibeli moja chini ya sifuri. Spotify wenyewe wanashauri hivyo, na wanashauri desibeli mbili chini kwa wimbo uliobanwa zaidi ya kimo chao. Hakuna msikilizaji atakayeikosa hiyo desibeli moja.

Kimo chao ni kipi? Spotify kwa kawaida hupeleka nyimbo zote kwenye LUFS 14 chini ya sifuri. Apple Music, mtu akiwasha usawazishaji wake, huzipeleka 16 chini. YouTube nao hushusha zilizo kubwa. Maana yake ni kwamba ukibana wimbo wako mpaka ufike 7 chini, Spotify itaushusha kwa desibeli 7. Utasimama kwa kimo kilekile na wimbo wa mwenzako ambaye hakubana, ila wake una kiki zenye ncha na wako umekuwa bapa. Ulichokitoa muhanga hakikukununulia kitu.

Mashindano haya yana historia ya uchungu. Septemba 2008 Metallica walitoa albamu ya Death Magnetic, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo hizohizo zilizowekwa kwenye mchezo wa Guitar Hero zilikuwa wazi zaidi kuliko zile za CD, kwa sababu hazikubanwa vile. Walalamikaji walikusanya saini, na aliyeimasta, Ted Jensen, alieleza kwamba nyimbo zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa. Kundi lenye fedha za kupata chombo chochote na fundi yeyote, na bado sauti ilichanika, kwa kuwa hakuna limita iliyoundwa kwa ajili ya kubeba mzigo wa namna hiyo.

Lakini sitaki kuwaambia vijana kwamba ukubwa wa sauti haujalishi popote. Haitakuwa kweli hapa kwetu. Wimbo unatumwa WhatsApp, unaingia kwenye flashi, unapigwa kwenye daladala, kwenye bajaji, kwenye baa, kwenye kigodoro, na huko hakuna Spotify ya kusawazisha. Dereva ana kitufe kimoja na nyimbo mia mbili. Wimbo ulio mdogo sana unaonekana dhaifu baada ya ule uliotangulia. Hofu ya prodyuza ina msingi, na anayemwambia aipuuze hajui soko letu. Ninachokisema ni kwamba apime. Achukue nyimbo mbili tatu ambazo zinapigwa huko na ambazo anazipenda, aziweke kwenye mita, aone ziko wapi hasa. Mara nyingi atakuta haziko juu kama alivyodhani. Zinasikika kubwa kwa sababu zimemiksiwa vizuri.

Hapo ndipo jibu la swali la limita ipi linapotupeleka, kwenye miksi. Limita inaposhtuka kupita kiasi, jambo la kwanza la kuangalia ni mahali ambapo kiki na besi zinapiga kwa wakati mmoja. Vilele vyao vinajumlishana, na jumla hiyo ndiyo inayogonga dari. Shusha besi desibeli moja na nusu, au iruhusu besi ijisogeze kidogo kiki inapopiga, na utashangaa limita imenyamaza na wimbo unaweza kupanda zaidi kuliko mwanzo. Kata pia mingurumo ya chini ya hezi 30 ambayo hakuna spika ya mtaani inayoitoa, kwa kuwa limita inaisikia na kuilipia. Chunguza sauti za mwimbaji kama kuna neno moja linaloruka juu ya mengine, ulishushe kwa mkono. Kazi hizi hazina plagini ya kununua, na zinaleta matokeo kuliko kuhama kutoka limita moja kwenda nyingine.

Mwisho, kwa wale wanaopeleka nyimbo zao kwa mtu mwingine kumasta. Nakala unayompelekea isiwe na limita kabisa, hata ile ndogo uliyoizoea. Itoe kwa biti 24, faili la WAV, vilele vyake vikiwa mahali fulani kati ya desibeli 3 na 6 chini ya sifuri. Kama ulikuwa ukiusikiliza wimbo na limita, na mteja wako ameshaupenda hivyo, mpelekee na nakala hiyo pia, iandike jina tofauti, na umweleze kwamba hiyo ni ya kuonyesha tu ulichokuwa unakitafuta. Akiwa na zote mbili ataelewa nia yako, na atakuwa na nafasi ya kuifikia kwa njia yake. Akiletewa iliyobanwa peke yake, hawezi kurudisha kilichokatwa.